Uzi: Leza kutoka kilomita milioni 31 angani, na kwa nini mwanga unabeba mzigo ulioyashinda mawimbi ya redio

Kimondo_cha_Mbozi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Tangu mwishoni mwa 2023 nimekuwa nikifuatilia jambo moja ambalo humu jukwaani sijaona limepewa uzi wake: mawasiliano ya leza kutoka anga za mbali. Nikisema mbali simaanishi setilaiti za Starlink zinazopita kilomita mia tano na kitu juu ya vichwa vyetu. Namaanisha mamia ya mamilioni ya kilomita, huko ambako mwanga wenyewe unatembea dakika nyingi ndipo ufike.

Tarehe 13 Oktoba 2023 NASA walirusha chombo kinachoitwa Psyche. Kinaelekea kwenye asteroidi yenye jina hilohilo, mwamba wenye chuma kingi ulioko kati ya Mirihi na Mshtarii, na kinatarajiwa kufika 2029. Ubavuni mwake wakafunga kifaa kisichohusiana kabisa na asteroidi hiyo: darubini ndogo yenye kioo cha sentimita 22 na leza ya wati 4. Mradi wa kifaa hicho unaitwa DSOC na umesimamiwa na maabara ya JPL kule California. Wati 4, wakuu. Taa ya LED ya sebuleni inakula zaidi ya hapo.

Tarehe 14 Novemba 2023, chombo kikiwa kilomita milioni 16 kutoka duniani, karibu mara 40 ya umbali wa Mwezi, leza hiyo ilipokewa duniani kwa mara ya kwanza ikiwa na data ndani yake. Tarehe 11 Desemba, umbali ukiwa umefika kilomita milioni 31, ikaleta video ya ubora wa juu ya sekunde 15. Ndani ya video kuna paka wa rangi ya chungwa anaitwa Taters, wa mfanyakazi mmoja wa JPL, akikimbiza kidoa chekundu cha leza kwenye kochi. Video ilirekodiwa kabla ya safari na kuhifadhiwa ndani ya kifaa. Ilisafiri sekunde 101 hadi duniani, na data ikawa inaingia kwa megabiti 267 kwa sekunde.

Wengi waliishia kwenye paka. Na hata paka ana sababu yake: watu wa televisheni walipokuwa wakijaribu mitambo yao Marekani mwaka 1928, walitumia sanamu ya paka Felix kama picha ya majaribio. Ila kilichonifanya nianzishe uzi ni kitu kingine. Video ilipopokewa kwenye kituo cha darubini cha Palomar, ikabidi itumwe JPL kwa intaneti ya kawaida, na mhandisi mmoja wa mradi alieleza kwamba kipande hicho cha ndani ya California ndicho kilichokuwa cha polepole kuliko kile cha kutoka anga za mbali.

Sasa niondoe kwanza kosa ninalolikuta kila mahali. Leza HAIFIKI mapema kuliko redio. Vyote viwili ni mwanga wa aina moja na vinakwenda mwendo uleule wa kilomita laki tatu kwa sekunde. Ukituma salamu kutoka Mirihi kwa redio au kwa leza, zitagonga hodi duniani kwa wakati mmoja. Kinachobadilika ni kiasi cha mzigo kinachopita kila sekunde. Na kiasi hicho kinaamuliwa na swali moja tu: katika nguvu uliyoirusha, ni kiasi gani kinamwangukia mpokeaji?

Hapo ndipo penye kiini cha uzi huu, kwa hiyo tufanye hesabu kidogo.

Wimbi lolote ukilirusha linatanuka kadiri linavyokwenda. Kutanuka huko kunategemea urefu wa wimbi ukigawanywa kwa upana wa dishi au kioo kinachorusha. Redio inayotumika sana na vyombo vya mbali, ya gigahezi 8.4, ina wimbi lenye urefu wa sentimita 3.6 hivi. Chukua dishi la mita 2. Ukifika kilomita milioni 31, mwale wake umeshatanuka kuwa mduara wenye upana wa zaidi ya kilomita laki tano, yaani mpana kuliko umbali wa kutoka hapa hadi mwezini. Dunia nzima imekaa katikati ya mduara huo kama kidoa, na karibu nguvu yote inapita pembeni na kupotelea angani.

Njoo kwenye leza ya DSOC. Wimbi lake ni nanomita 1550, fupi mara 23,000 hivi kuliko lile la redio. Hata kwa kioo kidogo cha sentimita 22, mwale wake kwa umbali uleule unatanuka kufikia kilomita 220 tu. Mguu mmoja wa mduara uwe Dar, wa pili unapita Morogoro kidogo. Nguvu yote ya wati 4 imekusanywa humo.

Faida yote hiyo haiji mkononi, tusidanganyane. Darubini za kupokea mwanga ni ndogo kuliko madishi ya redio ya mita 70, na chembe moja ya mwanga inagharimu nishati nyingi kuliko chembe ya redio. Ukishatoa makato yote, lengo la NASA lilikuwa kupata mara 10 hadi 100 ya kile redio ya kisasa inachotoa kwa uzito na umeme unaolingana. Bado ni nyingi mno.

Na kwa nini tujali? Chombo cha New Horizons kilipita Pluto tarehe 14 Julai 2015. Mapito yenyewe yalikuwa ya siku moja. Kipande cha mwisho cha data zake kilifika duniani tarehe 25 Oktoba 2016. Miezi kumi na tano wanasayansi wamekaa wanachotewa kwa kijiko, kwa sababu kutoka kilomita takribani bilioni 5 redio yake ilimudu kilobiti moja au mbili tu kwa sekunde. Vifaa vya kupiga picha vimekua, ila mlango wa kuzitolea picha umebaki ni uleule.

Karibuni tujadili. Mwenye swali aulize, mwenye nyongeza aweke.

FundiMnara

Mkuu heshima kwako, uzi umeshiba.

Mimi kazi yangu ni minara ya simu, tunafunga zile link za mikrowevu, yaani mawimbi mafupi ya redio, kutoka mnara hadi mnara. Mwale wetu ni mpana sana ukilinganisha na huo wa kwako, na bado kulenga ni kazi. Mnaanza mmoja yuko mnara huu na mwenzake yuko ule, kila mtu ana spana na mita, mnasogeza dishi nywele kwa nywele huku mnasomeana namba kwenye simu. Upepo ukitikisa mnara namba zinacheza. Na kuna mtego: unaweza kudaka mwale wa pembeni ukadhani ndio wenyewe, ukakaza nati, ukashuka, kumbe link ni dhaifu.

Sasa swali langu. Hao jamaa chombo chao kiko kilomita milioni 31, kinakwenda, dunia nayo inazunguka na kukimbia. Nani anashika spana huko?

Kimondo_cha_Mbozi

FundiMnara hili swali lako ndilo lililokula miaka ya wahandisi kuliko leza yenyewe.

Inakwenda hivi. Kituo cha duniani kinaanza. Juu ya mlima unaoitwa Table Mountain, karibu na Wrightwood huko California, kuna darubini ya mita moja iliyofungwa leza zenye nguvu ya kilowati kadhaa. Hiyo inarushwa kuelekea mahali chombo kinapotarajiwa kuwa. Wanaiita taa ya kuongozea. Inatumia wimbi la nanomita 1064, tofauti na lile la kushuka, ili visigongane. Ikifika huko kwenye chombo imeshafifia vibaya, na kamera ya kifaa inahesabu chembe za mwanga mojamoja mpaka itambue: taa ni ile pale. Ikishaidaka, haiiachii. Ndiyo inakuwa alama yake ya kulengea.

Suala la upepo wako kutikisa mnara, huko angani hakuna upepo ila chombo chenyewe kinatetemeka. Kina magurudumu ya kukigeuza, kina mitambo ya kusukuma. Kwa mwale mwembamba namna ile, mtikisiko ambao binadamu hawezi hata kuuhisi unatosha kuutoa kabisa duniani. Kwa hiyo darubini haikufungwa kwa nati moja kwa moja kwenye mwili wa chombo. Imekaa juu ya mihimili maalumu inayopokea mtetemo na kuupinga papo hapo, chombo kinatetemeka lakini darubini imetulia.

Halafu kuna jambo ninalolipenda kuliko yote. Mwanga unatumia sekunde 101 kutoka duniani hadi kwenye chombo kwa umbali ule. Maana yake chombo kikiiona taa ya Table Mountain, kinaiona ilipokuwa sekunde 101 zilizopita. Nacho kikijibu, jibu litachukua sekunde 101 nyingine kufika. Dunia inalizunguka Jua kwa kilomita 30 hivi kila sekunde. Piga hesabu: tangu taa ilipoondoka mpaka jibu lirudi, dunia imesogea kilomita elfu sita na ushei. Mwale wa kilomita 220 ukiurusha pale unapoiona taa, utaangukia patupu. Inabidi kifaa kitazame taa upande mmoja na kirushe leza upande mwingine, mbele kidogo, mahali ambapo dunia ITAKUWA. Na mwenzake wa Table Mountain anafanya vivyo hivyo kwa chombo.

Mwanafunzi_Dodoma

Shikamoo wakubwa.

Nasoma fizikia mwaka wa pili. Swali langu ni upande wa kupokea. Mwanga wa leza ukifika duniani umebaki kiasi gani hasa, na wanausomaje ukiwa hafifu hivyo? Sisi darasani tumeishia kwenye kuwasha na kuzima, kuwaka ni 1, kuzima ni 0.

Kimondo_cha_Mbozi

Marahaba kijana. Chukua kalamu, nakupa hesabu ninazofanya mwenyewe kwa mkono, ni za kukadiria lakini zinaonyesha picha.

Chembe moja ya mwanga wa nanomita 1550, yaani fotoni, ina nishati ya jouli 1.28 × 10⁻¹⁹. Leza ya wati 4 inatoa basi kama 3 × 10¹⁹ za fotoni kila sekunde. Tatu yenye sifuri kumi na tisa. Zinamwagika kwenye mduara wa kilomita 220. Kioo kinachopokea ni cha darubini ya Hale iliyopo Palomar, kipenyo mita 5.1, kwa hiyo eneo lake ni kama mita za mraba 20. Gawanya eneo la kioo kwa eneo la mduara, utapata kwamba kioo kinadaka fotoni moja katika kila bilioni mbili hivi. Zinabaki bilioni kumi na kitu kwa sekunde, kabla hujatoa zinazomezwa na hewa na vioo. Ukizigawa kwa biti milioni 267, kila biti imeletwa na fotoni chache, makumi tu.

Sasa peleka chombo kilomita milioni 390, kama ilivyokuwa Juni 2024. Umbali umeongezeka mara 12 na nusu, eneo la mduara limeongezeka zaidi ya mara 150. Fotoni zinazodakwa zinashuka hadi kama milioni mia kwa sekunde. Siku hiyo walipata megabiti 6.25 kwa sekunde kwa utulivu, na kilele cha 8.3. Hii ni intaneti ambayo wengi wetu humu bado tunaishi nayo, ila imetoka upande wa pili wa Jua.

Kuwasha na kuzima kulikofundishwa darasani hakufai hapa, kunakula fotoni nyingi. Wanachofanya ni hiki: muda unakatwa vyumba vidogovidogo, vyembamba kiasi cha nusu ya nanosekunde vinapokuwa vifupi kabisa. Tuseme vyumba 128 vimepangwa kwa safu. Katika safu nzima leza inawaka mara MOJA tu, ndani ya chumba kimoja. Ujumbe hauko kwenye kuwaka kwenyewe, uko kwenye namba ya chumba kilichowaka. Kuanzia 0 hadi 127, hizo ni biti 7. Pigo moja la mwanga limebeba biti saba! Na kwa kuwa leza imenyamaza vyumba 127, nguvu yote inalimbikizwa kwenye pigo hilo moja, ndiyo maana leza ya wastani wa wati 4 inapiga mapigo ya mamia ya wati.

Kigunduzi chenyewe ni cha nyaya nyembamba za nanomita, zilizopozwa mpaka nyuzi moja tu hivi juu ya sifuri halisi, ile baridi ya mwisho kabisa inayowezekana. Katika baridi hiyo waya haupingi umeme hata kidogo. Fotoni moja ikiugonga, pale ilipogonga panapata joto dogo, hali ile inavunjika kwa kitambo, umeme unazuiwa, na mtambo unaona mruko wa volti. Hapohapo unaandikwa muda wa kufika kwa usahihi wa chini ya nanosekunde. Cha Palomar kilikuwa na vipande 64 vya kugundulia. Kilifungwa nyuma ya darubini iliyokamilika mwaka 1948.

Fanyia kazi hizo hesabu mwenyewe kwa umbali wa kilomita milioni 226. Mwezi Aprili 2024 ndio waliokuwepo hapo, na walipata hadi megabiti 25 wakati lengo la mradi kwa umbali huo lilikuwa megabiti 1.

Mwanafunzi_Dodoma

Nimefanya mkuu. Lakini kuna kitu hakiendi. Kwa kanuni ya mraba wa umbali (umbali ukizidi mara mbili, mwanga unapungua mara nne), kutoka milioni 31 hadi milioni 226 ilitakiwa kasi ishuke mara 53 hivi. 267 kugawa 53 ni 5. Wao wamepata 25. Imekuwaje?

Kimondo_cha_Mbozi

Umeona vizuri sana, na nimefurahi umehesabu badala ya kunakili.

Megabiti 267 ndiyo kasi ya juu kabisa ambayo kifaa kimeundwa kutoa. Kikiwa karibu, mwanga uliofika ulikuwa wa ziada, mtambo ndio uliogota. Kwa hiyo 267 si kipimo cha mwanga uliokuwepo, ni dari ya mtambo. Kanuni ya mraba inaanza kuuma pale unapotoka chini ya dari hiyo.

Mtoto_wa_Pwani

Wazee mnaongea vitu vizito lakini hamjagusa tatizo kubwa: MAWINGU. Redio inapita kwenye wingu kama hakuna kitu. Leza ikikutana na wingu zito imekwisha. Mnaweka mabilioni ya dola kwenye kitu ambacho siku ya mvua kinakaa kimya? Chombo kiko kwenye hatari, kinaomba msaada, huku chini California kuna mawingu. Mimi binafsi sioni redio ikiondoka.

Kimondo_cha_Mbozi

Hoja yako nzito na hakuna mhandisi wa DSOC atakayekubishia. Redio haiondoki. Psyche yenyewe inaendesha safari yake yote kwa redio, kupitia mtandao wa madishi wa NASA wenye vituo Goldstone huko California, Madrid na Canberra. Hakuna data ya kisayansi ya asteroidi iliyotegemea leza hii. Ilikuwa jaribio.

Redio ina sifa ambayo leza haina: inasamehe. Chombo kikipata hitilafu kikaanza kujizungusha ovyo, antena yake ndogo inayorusha pande nyingi bado itasikika hata kama ni kwa biti chache. Leza katika hali hiyo haina la kufanya, maana haiwezi kulenga. Voyager 1 iko zaidi ya kilomita bilioni 24, inatuma kwa wati ishirini na kitu, biti 160 kwa sekunde, na bado tunaisikia. Amri za dharura na afya ya chombo ziachiwe redio. Picha, ramani, video, mizigo mizito, ipewe leza.

Kuhusu mawingu, njia ni kutawanya vituo. Wingu haliwezi kufunika kila mahali kwa siku moja. Na hili limeshaanza kufanyiwa kazi. Julai 2025 shirika la anga la Ulaya, ESA, liliungana na Psyche kutokea Ugiriki: leza ya kuongozea ikarushwa kutoka Kryoneri, na mwanga wa kurudi ukapokewa na darubini ya Helmos, kilomita 37 pembeni. Chombo kilikuwa kilomita milioni 265. Ilibidi anga ya eneo hilo ifungwe kwa ndege wakati leza inawaka, hilo nalo ni jambo la kuzingatia.

Njia ya pili naipenda kwa akili yake. Pale Goldstone wamechukua dishi la redio la mita 34 na kupachika vioo saba ndani yake, vikikusanya mwanga kama darubini ya mita moja. Dishi moja linapokea redio na leza kwa wakati mmoja. Kutoka kilomita milioni 32 lilidaka leza ya Psyche kwa megabiti 15.63. Huhitaji kujenga kila kitu upya.

Tatizo ambalo hukulitaja ni Jua. Chombo kikionekana angani karibu na Jua, darubini inamezwa na mwanga wa Jua. Kuna vipindi leza lazima ipumzike.

Mjaluba_wa_Goma

Jambo wote. Niongeze la kwetu Kongo. Mwaka 2021 mradi wa Taara wa kampuni ya X, ya hao wenye Google, ulivusha intaneti kwa leza kutoka Brazzaville hadi Kinshasa juu ya mto. Umbali wa moja kwa moja si hata kilomita tano, lakini kebo ya kuzunguka ilikuwa inabidi itembee zaidi ya kilomita 400. Walipata gigabiti 20 kwa sekunde. Ukungu na mvua vilikuwepo na mambo yalikwenda. Kwa hiyo leza ya hewani si ndoto, tumeiona.

Kimondo_cha_Mbozi

Asante ndugu yangu, mfano mzuri sana. Na kumbuka wao wamepitisha mwale wote ndani ya hewa, chini kabisa ambako ukungu unalala. Leza ya angani inapita hewa nzito kilomita chache tu za mwisho, kilichobaki ni utupu. Ndiyo maana vituo vinawekwa milimani.

Niongeze kiungo kingine cha kwetu. Lile wimbi la nanomita 1550 la Psyche halikuokotwa. Ndilo eneo la mwanga linalotumika ndani ya mikongo ya baharini, hii iliyotua Mombasa na Dar kuanzia 2009, SEACOM na wenzake. Kioo cha nyuzi kinapitisha mwanga wa eneo hilo kwa hasara ndogo kuliko mwingine, kwa hiyo dunia imetumia miongo kutengeneza leza na vikuza mwanga vya hapo, na watu wa anga wakakuta vifaa viko tayari. Unaposoma uzi huu, uwezekano ni mkubwa umepita chini ya Bahari ya Hindi ukiwa mwanga wa aina hiyohiyo.

Dada_Obiti

Kimondo umeanza 2023 kana kwamba kabla yake hapakuwa na kitu. Tuwape haki yao waliotangulia. Desemba 1992 chombo cha Galileo kikiwa kinapita karibu na dunia kuchukua mwendo wa kwenda Mshtarii, walikimulika kwa leza kutoka Table Mountain hiyohiyo na kutoka New Mexico, na kamera yake ikayaona mapigo hadi umbali wa kilomita milioni 6. 2001 setilaiti ya Ulaya ya Artemis ikapokea picha za setilaiti nyingine, SPOT 4, kwa leza, megabiti 50. 2005 MESSENGER, iliyokuwa njiani kwenda Zebaki, ikabadilishana mapigo ya leza na dunia kutoka kilomita milioni 24. Na Oktoba 2013 kutoka mwezini, chombo cha LADEE, megabiti 622 kwa sekunde!

Kimondo_cha_Mbozi

Dada umenikamilishia uzi, asante. Wa LADEE ndio ulionifanya mimi niamini jambo hili. Megabiti 622 kutoka mwezini, miaka 10 kabla ya Psyche. Ila tofauti ya uzito iko wazi: Mwezi uko kilomita laki 3.84. Psyche ilipotuma data zake tarehe 3 Desemba 2024 ilikuwa kilomita milioni 494. Umbali zaidi ya mara 1,200, na kwa kanuni ya mraba mwanga umepungua zaidi ya mara milioni moja.

FundiMnara

Swali la mwisho kwangu. Binadamu wakienda Mirihi, tutaongea nao kwa video kwa hii leza?

Kimondo_cha_Mbozi

Tutatumiana video, kuongea hapana. Mirihi ikiwa karibu kabisa mwanga unachukua dakika 3 hivi, ikiwa mbali dakika 22. Unauliza hali, jibu linakuja baada ya dakika 44. Hilo hakuna teknolojia italitatua. Watakachopata ni kutuma video nzuri za nyumbani, ramani za ubora wa juu, vipimo vya hospitali vya daktari kutazama akiwa duniani.

Mtoto_wa_Pwani

Basi na sisi Afrika Mashariki tuko wapi kwenye hili? Malindi si kuna kituo cha Waitaliano?

Kimondo_cha_Mbozi

Kipo, kinaitwa Luigi Broglio. Na kina historia ambayo kila Mkenya anapaswa kuijua: tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya kwanza kabisa ya kuchunguza miale ya eksirei ya nyota ilirushwa kutoka jukwaa la baharini hapo pwani, na ikapewa jina UHURU. Kituo bado kinawasiliana na vyombo vya anga, kwa redio.

Kwa leza, pwani haifai. Unyevu mwingi, mawingu ya bahari. Panatakiwa mahali pakavu na pa juu, penye usiku wa nyota mwaka mzima. Ukitazama ramani ya bara letu, jicho linakwenda nyanda za juu za Namibia na Afrika Kusini. Na hapo hakuna ugeni: Hartebeesthoek, karibu na Johannesburg, ilikuwa kituo cha NASA cha vyombo vya mbali kuanzia 1961 hadi 1974. Wakati California na Ugiriki zimefunikwa na mawingu ya baridi, upande wa kusini wa dunia ni kiangazi, na kuna maeneo ya anga yanayoonekana vizuri zaidi kutokea huko. Mtandao wa leza ukija kujengwa kwa dhati, kuiruka Afrika ya kusini itakuwa ni kujinyima. Hayo ni maoni yangu na niko tayari kuyatetea.

DSOC yenyewe imefungwa. Mara ya 65 na ya mwisho kuwasiliana ilikuwa tarehe 2 Septemba 2025, chombo kikiwa kilomita milioni 350, na jumla ya data iliyoteremshwa ni terabiti 13.6. Kijana wa Dodoma, tafuta eneo la mduara wa leza kwa umbali huo na fotoni ngapi zilikuwa zinaingia Palomar, weka hapa tukukague.